Likizo imekwisha na sauti haijarudi: nifanyeje?

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa kike, nina miaka 36, nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali. Darasa lina watoto 118. Paa ni bati tupu, dari hakuna, na ukuta unaotutenganisha na darasa la tatu haukufika juu. Wao wakikariri jedwali la kuzidisha, sisi tunalisikia lote, na mimi inabidi nipaze sauti kuwashinda.

Sauti yangu ilianza kusumbua miezi kumi iliyopita. Mwanzoni ilikuwa inapwelea Alhamisi na kurudi Jumapili. Sasa Jumatatu inaanza nusu, Jumatano inakwaruza, Ijumaa nanong'ona tu. Likizo zote huwa inarudi, ila hii ya Desemba imepita na haijarudi vizuri. Koo linakereketa kama kuna kitu kimekwama, kwa hiyo najikohoza kila wakati. Jioni shingo inauma pembeni, na nikiongea sana nahisi pumzi inaisha kabla ya sentensi.

Pia naimba kwaya, sauti ya kwanza. Noti za juu zimepotea. Nikijaribu kuimba taratibu inatoka hewa tupu, nikisukuma kwa nguvu inatoka lakini inakwaruza. Mwalimu wa kwaya anasema niikaze hivyohivyo, koo litazoea.

Zahanati nimepewa vidonge vya antibiotiki mara tatu, hakuna kilichobadilika. Nimekunywa tangawizi na limau, mayai mabichi, nimejifukiza kwa dawa ya kuchua yenye menthol. Mama mkwe wangu ananiambia ninong'one ili sauti ipumzike. Sivuti sigara wala sinywi pombe.

Naomba mniambie ukweli. Je, hii inaweza kuwa kansa? Niache kwaya? Na kuna mazoezi ninayoweza kufanya mwenyewe nyumbani? Wilayani kwetu sijasikia kama kuna mtaalamu wa mambo ya sauti.

Mwalimu wa darasa la pili, Kanda ya Ziwa

*

Mwalimu, pole na kazi.

Tuanze na swali linalokunyima usingizi. Dalili zako, kwa jinsi ulivyozieleza, ni za sauti iliyotumika kupita uwezo wake: inaharibika kadiri wiki inavyosonga, inapata nafuu ukipumzika, na iliyotangulia kuondoka ni noti za juu za taratibu. Kansa ya koo kwa kawaida haifuati ratiba ya shule. Lakini hakuna mtu anayeweza kuiona sauti kwa barua, wala kwa kukumulika mdomoni kwa tochi. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki nne bila kupona inatakiwa kuangaliwa penyewe, na wewe umepitisha miezi kumi. Usianze programu yoyote ya mazoezi ukaifanya kuwa sababu ya kuahirisha kipimo.

Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali za Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando ya Mwanza zina vitengo hivyo. Kwa ulipo wewe, Bugando ndiyo karibu. Kipimo ni kifupi. Ama anavuta ulimi kwa kitambaa na kuingiza kioo kidogo nyuma ya koo, ama anapitisha kamera nyembamba puani, huku ukitamka "iii". Kinakera kidogo, hakiumi. (Kioo hicho hakikuanzia kwa daktari. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji, alitumia kioo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kuziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi.) Ukifika, usiseme tu "koo linaniuma". Sema: "Sauti imekwaruza miezi kumi, naomba nyuzi zangu za sauti ziangaliwe." Maneno hayo ndiyo yanayotofautisha kupimwa na kupewa mfuko mwingine wa vidonge.

Usisubiri zamu ya kawaida ya rufaa ukiona mojawapo ya haya: shida ya kumeza, maumivu yanayopanda hadi sikioni, damu kwenye makohozi, uvimbe shingoni, kupumua kwa mlio, au kukonda bila sababu. Na ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, pamoja na homa au jasho la usiku, pima makohozi kwanza. TB hushika hata zoloto, yaani kile kijumba cha sauti kinachopanda na kushuka mbele ya shingo ukimeza mate, na dalili yake ya kwanza inaweza kuwa sauti kukauka. Kipimo na dawa zake hospitali za serikali ni bure.

Sasa kinachotokea humo ndani. Ndani ya zoloto kuna nyuzi mbili, za mwanamke mtu mzima zina urefu usiofika sentimita mbili. Ukiongea hukutana na kuachana mara 200 hivi kwa sekunde. Za mwanamume ni kama mara 110. Saa moja ya sauti mfululizo kwako ni migongano 720,000, na ukipaza sauti kila mgongano unakuwa mzito zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya walimu wa kike kuumia zaidi kuliko wenzao wa kiume wenye darasa lilelile. Mahali nyuzi zinapogongana kwa nguvu zaidi panavimba. Zikipewa nafasi, uvimbe unashuka. Zisipopewa, panakuwa pagumu kama sugu, na hapo tunasema vinundu.

Uvimbe huo unaeleza karibu kila ulichoandika. Nyuzi zinagusana pale kwenye uvimbe tu, mbele na nyuma yake panabaki wazi, hewa inavuja: ndiyo maana pumzi inaisha kabla ya sentensi. Noti za juu za taratibu zinahitaji ukingo mwembamba ulionyooka, na wako umenenepa: ndiyo maana hewa inatoka tupu. Ukisukuma, unabana misuli ya shingo ili kuzilazimisha nyuzi zikutane, sauti inatoka, lakini zinagongana vibaya zaidi na uvimbe unaongezeka. Na maumivu ya pembeni mwa shingo yanatoka kwenye misuli hiyo. Mwalimu wako wa kwaya hana nia mbaya, ila hapa amekosea. Koo halizoei kugongwa.

Kama daktari atakuta vinundu, usikimbilie kisu. Tiba ya kwanza ya vinundu vya mtu mzima ni mazoezi ya sauti na kupunguza mzigo, na vingi hupungua au huisha kwa njia hiyo. Wanaofanyiwa upasuaji wakarudi kupiga kelele kama zamani huviotesha tena. Akikuta kitu kingine, kwa mfano uvimbe wa upande mmoja tu, mshipa uliopasuka au vioteo vya virusi, mpango unabadilika, na ndiyo sababu tulianza na kipimo.

Kuhusu dawa za jirani. Chochote unachomeza hakipiti juu ya nyuzi za sauti. Kingepita, ungepaliwa. Zoloto hufungwa kila unapomeza, chakula kinapita nyuma yake kwenda tumboni. Kwa hiyo yai bichi halijawahi kugusa uzi wa sauti wa mtu yeyote, isipokuwa linaweza kukupa maradhi ya tumbo. Asali inatuliza koo lenye mikwaruzo, haina ubaya. Tangawizi na limau kwa mwenye kiungulia vinaongeza tatizo. Pipi kali za menthol na zile za kutia ganzi zinakudanganya kwamba koo limepona, nawe unaendelea kupiga kelele. Antibiotiki haziondoi uvimbe wa mgongano. Ukiwa na maumivu ya kichwa wakati sauti iko mbaya, tumia parasetamoli badala ya aspirini, kwa sababu aspirini hurahisisha kuvuja damu na nyuzi zilizovimba zina vishipa dhaifu. (Kama aspirini uliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, usiiache kwa sababu yetu.)

Kujifukiza kwenyewe si kubaya, maana mvuke unafika kwenye nyuzi. Ila yawe maji matupu, bila menthol. Chemsha, ipua, weka bakuli mezani mahali ambapo mtoto hafiki, subiri dakika mbili, vuta hewa kwa mdomo dakika tano mpaka kumi. Sufuria ikiwa bado juu ya jiko la mkaa, usiinamie: watu wanaungua uso hivyo, na moshi wa mkaa unakausha zaidi ya mvuke unavyolowesha.

Maji ya kunywa husaidia kwa njia ndefu, kupitia damu, hivyo lita nzima saa nane mchana haifidii asubuhi kavu. Beba chupa, nywa mafunda mawili kila unapobadilisha kazi darasani. Mkojo ukiwa mweupe-manjano, umepatia. Walimu wengi hujinyima maji kwa sababu ya vyoo vya shule. Kama ndivyo ilivyo kwako, panga maji mengi kuanzia mapumziko ya chai na baada ya kazi, kuliko kuacha kabisa.

Mama mkwe anakupenda, lakini kunong'ona si mapumziko. Watu wengi wakinong'ona ili wasikike hubana sehemu ya juu ya zoloto kuliko wanapoongea. Kama unataka kuipumzisha sauti, nyamaza, au ongea taratibu kwa sauti halisi na mtu aliye karibu. Na kule kujikohoza, huzipigisha nyuzi kwa nguvu, kamasi linatoka kidogo, ngozi inakereketeka, kamasi jingine linakuja. Mbadala: meza mate, kunywa funda la maji, au toa pumzi ya "hhh" isiyo na sauti kisha umeze. Siku nne za kwanza ni ngumu, kero inaonekana kuongezeka. Vumilia, huwa inapungua.

Tuje kwenye mazoezi, maana ndiyo uliyoyauliza, na mengi unaweza kuanza nyumbani ukishaangaliwa. Tunakupendekezea mrija ndani ya maji. Watabibu wa sauti wa Finland wametumia mirija kwenye maji tangu miaka ya 1960, na Marekani mwanasayansi Ingo Titze ameueneza mrija mwembamba wa kawaida. Sababu yake ni hii: ukitoa sauti huku mdomo umezibwa nusu, hewa inarudisha shinikizo hadi kwenye nyuzi na kuziachanisha kidogo. Zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu, na misuli ya shingo inaachia kwa sababu haina cha kulazimisha.

Mrija unaofaa ni wa silikoni, urefu sentimita 35, upana wa ndani milimita 9 hadi 12. Ukikosa, mrija mpana wa juisi unafaa kuanzia. Hata bua la jani la mpapai, ambalo watoto hupulizia mapovu, lina upana huohuo. Likate, liache lichuruzike utomvu, lioshe ndani na nje na ulikaushe kabla halijagusa mdomo, kwa sababu utomvu wake unababua. Chupa yoyote yenye mdomo mpana, maji kina cha vidole vinne. Mrija uzame sentimita mbili tu. Kila sentimita ya kuzama ni sentimita ya maji unayosukuma kwa pumzi. Wanaozamisha hadi chini wakidhani ndiyo bidii hurudi walewale kwenye kubana.

Kaa wima, chupa uiinue hadi kifuani ili usiinamishe shingo. Midomo ifunge mrija bila kuung'ata. Kwanza puliza bila sauti mpaka mapovu yatoke sawasawa, sekunde tano. Kisha ongeza "uuu" kwenye kimo cha sauti yako ya kuongea, sekunde tano hadi nane, mara kumi, ukipumzika kila baada ya mbili. Mashavu yaache yatikisike. Halafu peleka "uuu" hiyo kutoka chini kwenda juu na kurudi, kama king'ora cha mbali, mara tano. Sauti ikikatika juu, usiirukie kwa nguvu, ishia chini kidogo ya pale ilipokatikia. Mwisho imba ndani ya mrija mistari miwili ya wimbo wowote mwepesi, bila maneno. Yote ni dakika tatu hadi tano. Fanya mara tano kwa siku: kabla ya paredi, mapumziko ya chai, baada ya vipindi, kabla ya kwaya, kabla ya kulala. Mara tano za dakika tatu zinashinda mara moja ya dakika ishirini.

Makosa tunayoyajua: mapovu yakiruka kwa vishindo, pumzi yako si tulivu, punguza nguvu. Ziba pua kwa vidole katikati ya zoezi. Sauti ikibadilika au ikikatika, hewa ilikuwa inatorokea puani na faida imepotea. Ukihisi kizunguzungu unapuliza mno, pumzika dakika moja. Koo likiuma, acha siku hiyo. Zoezi hili halitakiwi kuuma hata kidogo. Osha mrija kwa sabuni kila siku, na usiazimane.

Mrija peke yake hauvuki barabara kuja darasani. Lazima hisia ile uihamishe kwenye maneno. Mara baada ya mrija, fumba midomo, meno yaachane, guna "mmm" mpaka usikie mtetemo kwenye midomo na chini ya pua. Mtetemo ukikaa kooni tu, punguza sauti na upandishe kimo kidogo. Kisha ufungue: "mmm-ama, mmm-imi, mmm-oja". Hapa Kiswahili kimetupa bahati, kina maneno tele yanayoanza kwa mguno wake mwenyewe: mtoto, mchele, mzee, mbili, ndizi, ng'ombe. Soma orodha ya hayo, kisha sentensi zilizojaa hayo ("Mtoto mmoja amemaliza maziwa"), kisha ukurasa wa kitabu chako cha darasa la pili, ukihakikisha mtetemo wa mbele haupotei. Dakika tano jioni.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni amri zinazoanza na irabu. "Andika!" "Acha!" "Inuka!" "Amos!" Ukizipiga kwa ghafla, nyuzi zinafunga kwa kishindo kabla sauti haijatoka, weka kidole kwenye zoloto utasikia. Tanguliza pumzi au mguno: "Haya, andikeni." "Mmh, Amos." Hili ni dogo, lakini mwalimu hutoa amri za namna hii mamia kwa siku.

Hata hivyo mazoezi yote haya hayatashinda watoto 118 chini ya bati. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kujua. Huwezi kujizuia kwa nia njema. Kwa hiyo kitu kimoja tunachokusihi ununue, hata kama itabidi kuchanga na wenzako, ni kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni chenye maikrofoni ya kichwani, kama vile vya wahubiri wa sokoni. Mwaka 2002 Nelson Roy na wenzake huko Marekani walilinganisha walimu wenye sauti mbovu: waliopewa kipaza sauti walipata nafuu ya wazi, waliopewa mafundisho ya kutunza koo peke yake hawakupata. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameona kitu kilekile kwa mazoezi ya sauti dhidi ya mafundisho matupu. Ndiyo maana hatukukupa orodha ndefu ya "usile hiki, usinywe kile".

Maikrofoni ikae pembeni mwa mdomo, sentimita mbili au tatu, isielekee pumzi moja kwa moja. Spika itazame watoto. Ikipiga mluzi, imekaribiana na maikrofoni au umeifungulia mno. Ongea kama unavyoongea na mzazi aliyekaa mbele ya meza yako. Kosa kubwa la wiki ya kwanza ni kuendelea kupaza sauti ndani ya maikrofoni. Mwombe mwalimu mwenzako asimame nyuma ya darasa akuashirie upunguze. Spika usimwelekezee mwalimu wa darasa la tatu, naye atajibu kwa kupaza, na vita itaanza. Afadhali mkubaliane: saa anayokaririsha yeye, wako wanaandika.

Kabla hujakipata, na hata baada ya kukipata, kata matumizi. Usiongee huku unaandika ubaoni: sauti inakwenda kwenye ubao, unaipandisha, na vumbi la chaki unalivuta wewe. Andika, geuka, ndipo useme. Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kukaririsha wape viranja. Kuita usikivu tumia mpigo wa makofi wanaoujibu kwa makofi, au kengele ndogo, na uwe umewafundisha wiki nzima kwamba ukiinua mkono maana yake ni kimya. Mvua ikinyesha juu ya bati, usishindane nayo kabisa. Andika kazi ubaoni wafanye. Mtoto wa nyuma mfuate alipo. Wiki ya zamu, paredi iongoze kwa filimbi, au badilishana na mwenzako mwenye sauti nzima. Kila baada ya kipindi chenye kelele tafuta dakika kumi za kimya halisi siku hiyohiyo, badala ya kulimbikiza kimya chote kwa Jumamosi. Ulivyofanya miezi kumi, kuumia siku tano na kupumzika mbili, ndivyo likizo ya Desemba ilivyoshindwa kukurudisha.

Kwaya usiiache. Kaa pembeni wiki sita, uende mazoezini ukisikiliza na kusoma noti kimya. Baadaye rudi dakika kumi na tano, kisha nusu saa. Kuhamia sauti ya pili kunasaidia kwa muda, lakini kuimba chini kwa nguvu nako kunaumiza, kwa hiyo usikuchukulie kama dawa. Kipimo chako cha kila asubuhi kiwe hiki: baada ya mrija, imba noti tano za kupanda kwa sauti ndogo kabisa, ndogo kiasi kwamba aliye chumba cha pili hasikii. Andika noti uliyoishia kabla hewa tupu haijatangulia sauti. Mpiga kinanda wenu atakutajia jina lake. Siku noti hiyo ikishuka kuliko jana yake, nyuzi zimevimba, na siku hiyo hakuna kuimba. Kipimo hiki hakidanganywi kwa nguvu, maana nguvu hairuhusiwi. Na jukwaani, kama kinanda na ngoma vinakufunika usijisikie, simama karibu na spika au ziba sikio moja. Usifukuze sauti yako kwa kupaza.

Kile kitu kilichokwama kooni kinaweza kuwa misuli iliyobana tu. Kikiambatana na kiungulia, mdomo mchungu asubuhi au kikohozi ukilala, tindikali inapanda: acha muda wa saa tatu kati ya kula na kulala, punguza pilipili na vya mafuta usiku, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwani sentimita 15 kwa matofali. Mito mingi haifai, inakunja tumbo.

Matarajio yawe haya. Wiki mbili za mwanzo shingo inapungua kuuma na Ijumaa inakuwa afadhali kidogo. Noti za juu hurudi mwisho, mara nyingi kati ya wiki ya sita na ya nane, kwa mwenye kufanya kila siku. Wiki nane zikipita bila mabadiliko yoyote, rudi kwa daktari aangalie tena. Ikitokea sauti imekatika ghafla baada ya kupiga kelele au kukohoa, hilo ni jambo jingine: nyamaza kabisa, hata mrija weka chini, na ufike hospitali upesi, huenda mshipa umevuja damu.

Mtaalamu wa sauti mwenyewe ni kweli ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na waliohitimu wamesambaa Afrika Mashariki. Ulizia kitengo cha masikio, pua na koo cha Bugando kama wanaye wanayemtumia. Baada ya kipimo, vikao vingi vinaweza kufanyika kwa simu ya video, hivyo umbali usikukatishe tamaa.

Ukiwa kwa daktari, omba pia barua kwa mwalimu mkuu. Isiandikwe "apumzike" tu, kwa sababu utapumzika wiki moja na kurudi palepale. Iombe mambo matatu kwa miezi miwili: usipangiwe zamu ya paredi, upewe chumba kisichopakana na darasa linalokaririsha au ratiba zipishane, na uruhusiwe kutumia kipaza sauti darasani. Nakala moja ibaki kwako.